Udongo wa Nyuma ya Karakana

Melini, Ziwa Superior
7 Juni 2009

Renata binti yangu,

Leo nimepata nafasi ya kukaa. Viazi viko motoni, mkate uko kwenye oveni, na mpishi mkuu, mzee wa Kifini asiyependa maneno, ametoka kuvuta sigara. Simu huku katikati ya ziwa haishiki, na tukikaribia bandari nampigia mwanangu Latrice kwanza, halafu dakika zinakuwa zimekwisha. Kwa hiyo wewe utakula barua.

Wanaume wa meli hii wanakula kama watu waliotoka kifungoni. Wiki ya kwanza walinitazama kwa mashaka: mwanamke wa makamo, kiwanda cha ekseli za magari kimemfukuza, akaenda kusomea upishi chuo cha jamii pamoja na watoto wadogo kama nyie, na sasa huyu hapa na mwiko wake. Nikawapikia maharage na mguu wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi. Sasa wananiita mama. Nimewaambia mama zao wako kwao, mimi waniite Bi Odessa kama wewe unavyoniita.

Nieleze habari za bustani yetu ya chuo. Nilipoondoka Machi miche ya sukuma wiki ilikuwa bado kwenye vikopo, dirishani mwa maabara. Je, Kikundi cha Mazingira bado mnakusanya maganda ya kantini, au wenzako wameanza kuona kinyaa? Nakumbuka mimi na wewe tulivyobeba zile ndoo mara ya kwanza, na mafundi wa karakana walivyoziba pua. Leo ndio wa kwanza kuja kuomba nyanya.

Jambo moja nakuomba usilisahau. Kila Ijumaa mpelekee Latrice mboga. Anafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akirudi hana nguvu hata ya kuvua viatu, na duka la karibu yake linauza bia, chipsi za pakiti na tiketi za bahati nasibu. Amari ana miaka mitatu. Nataka mjukuu wangu ale kitu cha kijani.

Nasikia picha yake iko kwenye bango kubwa mlangoni mwa chuo, ameshika karoti. Ukipata nakala nitumie niibandike jikoni, Mfini aone watu wanavyozaa.

Barua zangu zipitishe kwa kiboti cha posta cha Detroit. Tukipita mtoni kinatufuata ubavuni, na barua zinapandishwa kwa ndoo na kamba, meli haisimami.

Bi Odessa Pruitt


Nyumbani
19 Juni 2009

Bi Odessa,

Barua yako nimewasomea wenzangu kwa sauti, wakacheka hasa pale pa Mfini. Lonnie wa darasa la kuchomelea vyuma anauliza kama melini kuna nafasi ya mtu anayejua kula tu.

Bustani haijawahi kuwa hivi. Lonnie ameunda stendi ya pampu ya sola kwa vyuma chakavu, na maji ya mvua ya paa la karakana sasa yanafika mpaka matuta ya mwisho. Mboji ya mwaka jana imeiva, ukiishika haina harufu kabisa. Jumatano tukipanga meza ya mboga watu wanajipanga mpaka kwenye maegesho. Wengi ni wa kiwanda chako. Mzee Szabo anakuja kabla yetu na kutukosoa tunavyofunga nyanya. Juzi aliniambia, "Binti, wewe unafunga nyanya au unamfunga mwizi?"

Bwana Tolliver, makamu mkuu wetu wa chuo, amebadilika. Unakumbuka alivyokuwa akituita watu wa takataka. Sasa kila mgeni wake lazima aletwe bustanini. Mwezi wa nane wanakuja watu wa mfuko mmoja wa misaada kuangalia kama chuo chetu kinastahili jengo jipya la mambo ya mazingira. Ameniahidi pia kwamba ataniandikia barua nzuri ya kuniombea ufadhili chuo kikuu. Kwetu hakuna aliyefika chuo kikuu, unajua. Mama yangu tayari ameanza kuwaringia majirani.

Latrice nampelekea kila Ijumaa. Ijumaa iliyopita walikuja wenyewe. Amari alikula njegere bila kungoja zioshwe, akakaa katikati ya tuta, akamkuta nyungunyungu akampa jina la Gerald. Alilia tulipomwambia Gerald abaki.

Nimejiandikisha kemia ya kiangazi. Mwalimu, Bi Ferris, ametuambia kila mmoja alete udongo wa mahali anapopapenda, tuupime darasani. Unajua mimi nitauchota wapi.

Picha ya bango nimeiweka humu.

Renata


Melini, Ziwa Michigan
1 Julai 2009

Renata,

Picha iko juu ya jiko. Mfini ameitazama muda mrefu akasema, "Karoti nzuri." Kwa mtu yule hiyo ni hotuba.

Sukuma wiki usiivune yote, vunja majani ya chini tu, ya juu yaache yakue. Na mwambie Latrice asiichemshe ikafa. Huyo mtoto nimemlea mimi lakini upishi ulimpita pembeni.

Nafurahi juu ya Tolliver, ila mtu aliyekuita takataka jana akikuita malkia leo, muulize anataka kukuuzia nini. Barua ya chuo kikuu mwambie aiandike sasa, asingoje wageni.

Bi Odessa


Nyumbani
14 Julai 2009

Bi Odessa,

Natumai huko baharini, yaani ziwani, mko salama.

Huku joto ni kali. Sina mengi ya kueleza. Masomo yamebana. Mboga za wiki hizi hazikuwa nzuri sana, wadudu wadudu, kwa hiyo meza ya Jumatano tumeisimamisha kwanza. Latrice nitamweleza.

Niwie radhi kwa barua fupi.

Renata


Melini, tunaondoka Duluth
25 Julai 2009

Renata Wrobel,

Jana tulitia nanga Duluth nikampigia Latrice. Sikuuliza habari zako, yeye ndiye aliyezileta. Anasema Ijumaa zimepita bila wewe kutokea. Anasema alikuona mbele ya posta, akakuita, ukageuza uso na kuvuka barabara. Anasema amekwenda bustanini akakuta lango lina kufuli jipya, na ndani mboga zimejaa, majani mapana kama sahani. Wadudu gani hao, Renata, wanaokula kwenye barua tu?

Nimefikiri sana kabla ya kuandika. Nimejiambia msichana ana mitihani. Nimejiambia labda ana mchumba. Lakini kinachonirudia kichwani ni wale wageni wa mwezi wa nane. Mnawatunzia mboga ili bustani ipendeze kwenye picha. Watu wa kiwanda na foleni yao hawapendezi tena. Na bango lenu lina uso wa mjukuu wangu.

Sikutegemea hayo kwako. Kwa Tolliver, ndiyo. Wewe ulilia begani mwangu hesabu zilipokushinda. Nilikuona kama wa kwangu.

Basi usijisumbue. Latrice hakuzaliwa kungoja mtu. Nilimkumbusha ule upenyo kwenye uzio nyuma ya karakana, pale tulipokuwa tukipitishia toroli. Atakuwa akiingia asubuhi akitoka kazini, na Amari, na ndoo yao. Amari atacheza kwenye matuta mama yake akivuna. Zile mboga nilizipanda kwa mikono yangu na sihitaji ufunguo wa mtu.

Odessa Pruitt


Nyumbani
1 Agosti 2009

Bi Odessa,

Barua yako imefika asubuhi ya leo. Niliisoma mpaka pale pa upenyo wa uzio. Sikuimaliza. Nilikimbia mpaka kwa Latrice na viatu vya nyumbani.

Naomba usome hii mpaka mwisho, ingawa mimi yako sikuisoma hivyo.

Udongo wa bustani una sumu. Ni madini ya risasi. Nilipeleka udongo darasani kama nilivyokwambia, na wangu ulipotoka na risasi nyingi wenzangu walicheka, wakasema nimekosea vipimo. Bi Ferris hakucheka. Alikuja kuchota mwenyewe, pembe zote na katikati, akapeleka kwa rafiki yake mwenye maabara. Jibu likawa lile lile. Kabla ya karakana pale palikuwa na nyumba za zamani, chuo kikazibomoa na kusawazisha. Rangi ya kuta zile ilikuwa na risasi, nayo imebaki udongoni. Sisi tukapanda juu yake.

Nilikwenda kwa Bwana Tolliver siku ile ile. Alifunga mlango, akanipa maji.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na Bi Ferris."

"Vizuri. Tusitie watu hofu kwa jaribio la darasani. Tutaita wataalamu, wageni wakishaondoka."

"Na mboga?"

"Simamisheni. Semeni ni wadudu. Mkisimamisha nani ataumia?"

Halafu, bila mimi kuuliza, akasema barua yangu ya chuo kikuu iko mezani kwake, imebaki sahihi. Hakunitisha, Bi Odessa. Angenitisha ningejua la kufanya. Bi Ferris naye aliniomba nisubiri kidogo, kwa sababu mkataba wake unaisha mwezi wa tisa. Nikajiambia lango limefungwa, hakuna anayekula, siku chache si kitu. Nilimkwepa Latrice kwa sababu sikuweza kumtazama nikamwambia uongo. Niliona ni afadhali anichukie.

Alinifungulia akiwa bado na sare ya kazi.

"Kumbe njia unaikumbuka," akasema.

"Mmekula mboga?"

"Ziko jikoni. Kwani nimekuibia?"

"Usimpe Amari. Udongo una sumu ya risasi."

Alikwenda kuzima jiko. Aliporudi hakuwa na sauti ya mzaha tena.

"Umejua lini?"

"Kama wiki tatu."

"Kwa hiyo pale posta ulikuwa unajua."

"Nilidhani nisipoleta hamtakula."

"Na mimi nilidhani umetuchoka."

Amari alikuja kuniuliza kama nimemwona Gerald. Latrice alimshika mikono, akaigeuza, akamtazama kucha moja moja, zilikuwa nyeusi kwa udongo wa asubuhi. Alimpeleka kwenye sinki akaanza kumwosha. Alimwosha mpaka mtoto akaanza kulia. Nilitaka kusaidia. Akaniambia, bila kugeuka, "Toka nyumbani kwangu, Renata." Nikatoka.

Nasikia leo anampeleka kliniki ya kaunti.

Sikuombi chochote. Nilitaka ulijue kutoka kwangu.

Renata


Nyumbani
17 Agosti 2009

Bi Odessa,

Sijapata jibu. Sijui kama meli yenu imepita mtoni. Naandika tena kwa sababu mambo mengine yametokea na sitaki tena kukaa na jambo.

Damu ya Amari ina risasi kupita kiasi. Lonnie aliambiwa na Latrice mwenyewe, mimi hasemi nami. Nesi amesema si ya kulazwa. Amesema atapimwa mara kwa mara kwa muda mrefu, ale vyakula vya kuongeza damu, asiguse tena udongo ule. Latrice alimuuliza kama itamharibu akili. Nesi akasema huenda isionekane kitu mpaka aanze shule, na huenda isionekane kabisa. Ndilo jibu alilopewa.

Jioni ile nilipotoka kwa Latrice niliwaita wenzangu wote kwenye ngazi za maktaba nikawaeleza. Lonnie alitema mate chini akaniuliza, "Na mama yangu je? Si anakula kila Jumatano?" Tuligawana mitaa. Tuligonga mlango wa kila mtu aliyewahi kusimama kwenye meza yetu, na tusiowajua kwa jina tuliwatafuta kwa jirani zao.

Mwanamke mmoja mjamzito alinisikiliza mpaka mwisho, akasema asante, akafunga mlango, nikamsikia akilia nyuma yake. Mzee Szabo alinikaribisha ndani. Aliweka mikono yake mezani, viganja juu. "Msimu mzima nimeusaga udongo huu kwa mikono hii," akasema. "Mkaniacha nawafundisha kufunga nyanya." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Bwana Tolliver aliniita. Alisema nimeleta fujo kabla ya uchunguzi, na kwamba Kikundi cha Mazingira hakitambuliki tena chuoni. Barua yangu aliitoa mezani akaiweka kwenye droo.

Wageni walikuja hata hivyo. Kwa kuwa bustani ilikuwa imefungwa, alipanga mboga kwenye masanduku ya mbao ukumbini. Zilinunuliwa supamaketi. Mtu alibandua vibandiko vya bei akasahau vichache kwenye pilipili hoho. Sisi tulisimama nje kwa sababu tulikatazwa kuingia. Latrice alitupita kama hatuoni, na Amari begani, akaenda kusimama mlangoni chini ya bango.

Mama mmoja wa wageni alitabasamu. "Huyu si ndiye mtoto wa kwenye picha?"

"Ndiye," Latrice akasema. "Ametoka kupimwa damu. Muulizeni makamu mkuu ilikuwa na nini."

Tolliver akaanza kueleza. Yule mama akamwambia angoje, akainama akamuuliza Latrice jina la mtoto. Walikaa naye kwenye benchi muda mrefu. Chakula hakikuguswa.

Ningekuwa na neno la kukupoza ningelileta.

Renata


Melini, Mto Detroit
30 Agosti 2009

Renata,

Barua zako zote mbili zimepanda ndani ya ndoo moja leo. Tulikuwa tumepelekwa Chicago na kurudi, mara tatu, bila kupita mtoni. Lakini nilishajua. Latrice alinipata kwenye simu. Nilikwenda kukaa kwenye stoo ya viazi, na Mfini alipika chakula cha jioni peke yake bila kuniuliza.

Nimekuandikia nikachana, mara nyingi. Katika nyingine nilikutukana. Katika nyingine nilikutetea, na hizo ndizo nilizochana kwa hasira zaidi.

Angekuwa mdogo wako wa tumbo moja, ungengoja wageni waje? Usinijibu. Sitaki jibu, nataka ukae na swali.

Na mimi nina langu. Nilikulaumu kwa sababu uliacha kuwapelekea sumu. Nilimkumbusha mwanangu upenyo wa uzio. Asubuhi zile zote alizoingia pale na mtoto, aliingia kwa maneno yangu. Ungeniambia kwenye ile barua yako ya wadudu, mstari mmoja tu, nisingemkumbusha. Na kama mimi nisingekuandikia kwa hasira, ungeniambia baadaye zaidi. Nazungusha hivyo kichwani nikimenya karoti na sifiki popote.

Umewagongea watu milango. Nimesikia. Ni vizuri kwamba uligonga. Ulichelewa.

Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Odessa


Nyumbani kwa Latrice
14 Novemba 2009

Renata,

Najua unakaa mtaa wa pili na ningeweza kutembea. Naandika kwa sababu hii ni nyumba ya Latrice, na Latrice hajataka kukuona. Akiwa tayari atasema. Asipokuwa tayari, hiyo ni haki yake na mimi sitambembeleza.

Nimeshuka melini moja kwa moja. Mtu lazima alale na Amari mama yake akiwa zamu. Mfini alinipa kisu chake kizuri, akasema, "Rudi." Sidhani kama nitarudi.

Nimepita chuoni. Wamefunika bustani kwa lami, wamechora mistari ya magari. Pampu ya Lonnie imetupwa kando ya ukuta. Tolliver bado yuko, nilimwona anashuka kwenye gari lake, akanisalimia vizuri sana. Bi Ferris hayuko. Jengo jipya, sijasikia mtu akilitaja.

Jumanne nilikuona. Mlikuwa na watu wa kaunti, wewe na Lonnie, mnachimba udongo kwenye ua wa mzee Szabo, ng'ambo ya barabara, umevaa glovu, unautia kwenye vifuko. Nasikia mnapima ua wa kila nyumba mtaani, hata wale waliokutukana, na kwamba chuo umeacha. Mama yako anasema umeahirisha. Nilisimama nyuma ya pazia. Nilitaka kutoka. Mkono ulikuwa kwenye kitasa. Sikutoka.

Amari damu yake imeshuka kidogo. Inashuka polepole, wanasema itachukua muda. Anakimbia, anavunja vitu, anakula. Lakini kuna maneno aliyokuwa nayo kiangazi ambayo sasa anayatafuta. Jana alitaka kijiko akakosa kukiita. Nesi anasema tusione risasi kwenye kila kitu, watoto hupoteza maneno na kuyaokota. Nakubali. Halafu namtazama.

Sijakusamehe yote. Sehemu nimeshakusamehe na sehemu bado, na siku nyingine ile sehemu iliyosamehewa inanirudia mkononi kama sijawahi kuisamehe. Nakwambia hivyo usije ukafikiri barua hii ni kitu kingine.

Jumatatu Amari anapimwa tena, saa tatu asubuhi. Latrice amebadilishiwa zamu, hatakuwepo, na amenijibu kwamba niende na nimtakaye. Gari langu haliwaki. Mara iliyopita mtoto aliona sindano akapiga mateke mpaka nesi akaacha, ikabidi turudi siku nyingine. Mimi nitamshika mikono na kichwa. Nahitaji mtu wa kumshika miguu, asiyemwachia akilia.

Uwe mlangoni saa mbili na nusu.

Bi Odessa